Kipimo cha Mkono kwa Ndani

Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo
6 Septemba 1981

Mdogo wangu Tarsis,

Marahaba, ingawa shikamoo yako safari hii tena imekuja kwa taipu. Sisi huku wazima. Mama hajambo, magoti tu yanamsumbua, na kila jioni anakuombea rozari kwa sauti mpaka majirani zetu Waislamu pale Ilala wameanza kuitikia.

Kinachoniudhi ni hiyo taipu. Tangu lini unaniandikia kama mwajiri anayemwachisha mtu kazi? Mwandiko wako naujua tangu ulipokuwa unaandika mchangani kwa kijiti, na hii ni barua ya tatu sijauona. Chini umeweka sahihi inayotambaa kama siafu aliyekanyagwa.

Mwezi Januari nililetwa huko London, nikalazwa, wakanitoboa nyonga wakachota uboho wakakutia wewe, kwa sababu mifupa yako ilikuwa imeacha kutengeneza damu na katika ndugu wote wanne ni mimi tu niliyelingana nawe. Nikarudi Dar nikikalia upande mmoja siku kumi, na cherehani haiendeshwi kwa upande mmoja. Kwa hiyo nina haki ya kujua kama mzigo wangu umefika salama na unatunzwaje.

Nimepata kitambaa cha suti, kijivu, yadi tatu na robo. Usiniulize nimekipataje siku hizi za foleni. Si ulisema Pasaka unarudi na shahada yako? Nitumie vipimo.

Dada yako,
Winifrida

London
29 Septemba 1981

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mpe mama shikamoo yangu pia, na pole ya magoti. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Hii taipu nimeiazima kwa ajili ya masomo, walimu wa huku hawapendi kusoma mwandiko wa mkono, nikaona nijizoeze kwako. Ngozi yangu imekuwa nyeusi kidogo na kavu, lakini ndiyo baridi ya huku ilivyo, kila mtu analalamika.

Vipimo ni vilevile vya suti uliyonishonea wakati wa kuagana. Usijisumbue sana.

Msalimie Mzee Zahoro na mjomba Pantaleo.

Mdogo wako,
Tarsis

Kariakoo
25 Oktoba 1981

Tarsis,

Marahaba. Hatujambo.

Umeniandikia mistari kumi na moja. Nimehesabu. Katika mistari hiyo kumi na moja umeniambia kwamba mtu aliyelazwa miezi mitatu, akanyolewa na dawa, akalishwa kwa mpira, ametoka na vipimo vilevile. Huyo si mtu, ni kabati. Nilipomsomea Mzee Zahoro, ambaye cherehani yake iko ubavuni mwa yangu hapa barazani, alicheka mpaka akavunja sindano, na sindano siku hizi ni lulu.

Sikiliza. Mwambie Augustino, huyo kijana wa Ndanda mnayekaa chumba kimoja, achukue tepu. Shingo, kifua, mabega. Mkono apime mara mbili: kwa nje, begani hadi kifundoni akipitia juu ya kiwiko, na kwa ndani, kwapani hadi kifundoni. Mikono yote miwili. Kisha aandike mwenyewe, kwa kalamu, chini ya barua yako. Wewe usiishike hiyo kalamu, naona mmegombana.

Dada yako,
Winifrida

London
20 Novemba 1981

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Theluji bado. Tumekula ugali Jumapili, Augustino alipata unga kwa Mnaijeria mmoja, ukatoka kama uji lakini tuliula tukakumbuka nyumbani. Masomo yanaenda. Pasaka huenda nisiwahi, mitihani imesogezwa.

Vipimo hivi hapa, kama ulivyoagiza.

Mdogo wako,
Tarsis

Shikamoo dada. Ni mimi Augustino. Shingo 14. Kifua 34. Mabega 16. Mkono wa kulia, kwa nje 24, kwa ndani 15 na nusu. Mkono wa kushoto, kwa nje 24, kwa ndani 16. Nimepima mara tatu nikidhani nimekosea.

Kariakoo
13 Desemba 1981

Tarsis,

Leo sina salamu. Mama mzima, basi.

Kwa nje ishirini na nne, kwa ndani kumi na tano na nusu. Nina miaka kumi na sita kwenye kazi hii. Mkono wako ukinyooka, kwa ndani ni kumi na nane. Ninayo karatasi yako ya zamani. Nimekata mkono wa gazeti kwa namba za Augustino, nikaushikiza kwa uzi, nikauinua. Ukaning'inia umepinda, kama mkono wa mtu aliyebeba sahani. Nikauweka chini, nikauinua tena, haukubadilika. Mikono yako haikunjuki. Ndiyo maana ya taipu, na ndiyo maana ya mitihani iliyosogezwa. Fundi humdanganyi kwa tepu.

Mama alinikuta nao. Nikasema ni wa mteja.

Sasa mimi nitakuambia langu, halafu na wewe utaniambia lako. Usiku ule wa kuamkia kutobolewa, nilikuwa na hofu, na badala ya kusema nina hofu nikakuambia: nafasi ya shule ulichukua, sasa umefikia mifupa. Ulicheka. Mimi sikuwa nacheka. Niliacha shule darasa la saba nikashona ili wewe uendelee, na siku ile niliona yote kwa pamoja. Na nilikosea kumsimulia mjomba Pantaleo niliporudi. Unajua kwetu, watoto ni wa mjomba. Alikuwa Lindi tulipokubaliana mambo ya uboho, hakuulizwa, na hilo halijamtoka rohoni. Sasa anasema kitu kilichotolewa kwa kinyongo na bila ruhusa yake hakiwezi kukaa vizuri kwa mtu, lazima kitamgeuka. Anataka nisimame mbele ya unga wa tambiko niseme nimekuachia. Nimekataa. Nikisema nimekuachia, si nimekiri nilikuwa nimekushikilia?

Niambie. Ni uboho wangu?

Winifrida

London
17 Januari 1982

Dada yangu Winifrida,

Shikamoo. Nakuombea heri ya mwaka mpya. Anayeandika ni Augustino, mimi nasema. Nisamehe.

Ilianza Juni. Kwanza mabaka, halafu ngozi ikaanza kukaza, mikono, kifua, sasa hata shingo. Ukiifinya haifinyiki. Kinywa kimekauka, nameza chakula kwa maji. Vidole vinashika kikombe ila havishiki kalamu.

Madaktari wananieleza hivi. Damu niliyonayo sasa imetokana na uboho wako, na kazi moja ya damu ni ulinzi. Mlinzi huyo ni mgeni katika nyumba hii. Miezi ya mwanzo alitulia, kisha akaanza kuona kila kilichomo ndani ni cha mwizi. Uboho uliopandwa unamgeukia mwenyeji wake. Hilo wana hakika nalo.

La pili hawana hakika. Chini ya ngozi ya kila mtu kuna chembe ambazo kazi yake ni kutengeneza nyuzi zinazoishikilia ngozi. Jina lake la kidaktari ni faibroblasti. Mimi naziita mafundi, utanielewa haraka. Ukijikata, mafundi wanakimbilia pale, wanashona, wakimaliza wanaacha. Kwangu hawaachi. Wanashona juu ya walichokwisha kushona, hadi ngozi imekuwa turubai. Na hakuna anayejua kama mafundi hao ni wangu wa tangu kuzaliwa, au ni wako, waliokuja pamoja na uboho.

Wanataka kunikata vipande viwili vya ngozi, kimoja kigumu na kimoja laini, wakavioteshe katika visahani wawachunguze. Nimekataa mara mbili. Wakikuta mafundi ni wako, nitakuandikia nini mimi?

Ulilolisema hospitali nalikumbuka. Tuliache kwanza.

Mdogo wako,
Tarsis

Kariakoo
14 Februari 1982

Tarsis,

Marahaba. Na wewe Augustino unayesoma, marahaba, na asante kwa tepu.

Umenichosha. Unakataa kukatwa ngozi kwa ajili yangu. Nani alikutuma? Mimi nilitobolewa nyonga, sikuwauliza wataona nini mle ndani. Wewe kipande cha ngozi chenye upana wa kifungo cha shati unakipigia mahesabu ya huruma. Huruma yako hiyo ndiyo iliyoninyima mwandiko wako miezi minane.

Hujui unaniacha wapi. Mjomba anakuja kila Jumapili baada ya misa, anakaa, anakunywa chai yetu isiyo na sukari, anasema damu haisahau neno. Mama, na hili ndilo baya zaidi, anaitazama mikono yangu nikikata nyama kama vile kisu kimepotea njia. Nikijua mafundi ni wangu nitalia, nitanyamaza, nitarudi kwenye cherehani. Nisipojua, kila asubuhi nitaamka na lile neno.

Nimemsimulia Mzee Zahoro habari ya mafundi wasioacha, akasema, mbona huyo ni mimi. Unakumbuka? Mwaka ule shule ilipoagiza kaptula halafu ikavunja oda, taarifa ikaletwa kwa mdomo akiwa msikitini, hakuna aliyemrudia. Akashona wiki tatu. Kaptula arobaini za rangi ya ugoro bila mwenyewe. Na hata alipoambiwa, alimaliza tatu zaidi, anasema mguu ulikuwa umeshazoea. Hapa barazani hadi leo tunafutia mafuta ya cherehani kwa kaptula zile.

Mwambie daktari akate. Na atakachokiona uniletee chote kilivyo. Ukinipunguzia hata nusu, nitajua, na sitakuandikia tena.

Dada yako,
Winifrida

Kariakoo
2 Mei 1982

Tarsis,

Barua ya Februari umeipata? Huku mvua, baraza limejaa maji, tumeinua mashine juu ya matofali. Mama anauliza kila siku. Nimechoka kumwambia posta, posta.

Winifrida

London
8 Juni 1982

Dada yangu Winifrida,

Shikamoo. Barua zote mbili nimezipata. Sikutaka kuandika mkono mtupu. Walikata mwezi Machi, haikuuma sana, na kuotesha kunachukua muda kama kuatamia.

Sasa sikiliza, nimemwambia Augustino aandike neno kwa neno. Chembe za mwanamume na za mwanamke zina alama tofauti ndani yake. Wakizitia rangi wanaiona kwenye hadubini. Wakatazama damu yangu: ni ya kike yote. Ni wewe mtupu, dada. Daktari anasema ukinichoma sindano unajitoa damu mwenyewe. Halafu wakatazama mafundi, wa ngozi ngumu na wa ngozi laini. Wote waliowaona ni wa kiume. Ni wangu. Walionikaza ngozi ni mafundi wangu.

Augustino alinishauri niishie hapo. Lakini ulisema nisipunguze. Mafundi ni wangu, ila oda ilitoka kwenye damu yako. Damu ile ilivyohangaika ndivyo ilivyowaamsha, wakaanza kazi. Bila yake wasingeanza. Vilevile bila yake ningekuwa nimezikwa mwaka jana, maana niliyokuwa nayo ilikuwa imekwisha. Yote mawili ni ya kweli, na daktari hakuweza kunitenganishia.

Kuna la tatu. Waliwaweka mafundi peke yao kwenye kisahani, hakuna damu yako hata tone. Wale wa ngozi ngumu bado walitoa nyuzi nyingi kuliko wenzao. Nikamsimulia daktari habari ya Mzee Zahoro na zile kaptula tatu za ziada. Akaomba nirudie, akaandika kwenye daftari lake. Wananipa dawa za kuituliza damu ili oda isitoke tena. Mafundi wenyewe wataacha lini, au kama wataacha, hajui. Wengine huacha, wengine hawaachi.

Na lile neno. Daktari hana kipimo cha neno, nilimuuliza. Mimi ninacho. Lilikuwa la kweli. Nafasi ya shule nilichukua, nikaivaa kama nilishonewa mimi, sikuwahi kukugeukia nikasema asante. Nasema sasa, kwa mkono wa Augustino, kwa sababu wangu haufanyi kazi.

Mdogo wako,
Tarsis

Kariakoo
18 Julai 1982

Mdogo wangu Tarsis,

Marahaba. Mama hajambo, mimi sijambo. Barua yako niliisoma barazani nikalia mbele ya wateja, na mama mmoja aliyeleta gauni la kupunguza akadhani nimeliharibu.

Kwa hiyo ni sisi wawili. Nilijiandaa kwa ndiyo na nilijiandaa kwa hapana, hili la kugawana sikulijua. Lakini nalibeba vizuri kuliko lile la kutojua.

Nilienda mwenyewe kwa mjomba nikamwambia, lete huo unga. Akataka unga mweupe wa mtama, kama wa kwetu. Nikazunguka Kariakoo yote, nikaenda hadi Mchikichini, hakuna. Uliopo ni huu wa mahindi ya njano ya msaada, watu wanauita unga wa Yanga. Mjomba akasema wazee wa kwetu hawaijui rangi hiyo, watadhani tunawatania. Tukakaa wiki mbili tunabishania rangi, mimi nikitaka kusema, yeye akitaka weupe, mama akisema rozari katikati. Mwisho alikubali wa njano, akawaeleza wazee kwa kirefu habari ya upungufu. Nikamwaga mlangoni, nikasema: nilisema neno kwa hofu, nalifuta, mdogo wangu na awe huru, na damu yangu itulie kwake. Na mafundi ni wa kwake mwenyewe, mkitaka kuwagombeza wagombezeni hao.

Mjomba akatikisa kichwa, akasema, damu ya dada imeita, ngozi ya kaka imeitika, si ndivyo nilivyosema tangu mwanzo? Nikamwacha. Utafanyaje na mtu ambaye kila ukimshinda anashinda yeye.

Suti nimeiweka. Katika kifurushi hiki kuna shati. Mkono nimeukata vipande viwili kama wa koti, umepinda palepale ulipopinda wewe. Vifungo hakuna, mbele ni mikanda miwili, utaivuta kwa meno ikibidi. Sasa geuza ndani ya kiwiko. Kila mkono nimeukunja makunjo mawili ya kitambaa, kila kunjo linaachia inchi moja, la kulia na robo zaidi, nimeyashona kwa uzi mwekundu. Ukifumuliwa, mkono wa shati unanyooka. Uzi huo usiguswe bila sababu.

Na lipime kweli. Likikubana, sema limenibana. Usiniandikie "zuri sana dada, asante," nitaliteketeza hukohuko liliko.

Dada yako,
Winifrida

Kariakoo
10 Oktoba 1982

Tarsis,

Wiki kumi na mbili. Kifurushi kilifika au hakikufika, hilo tu. Hata taipu nitaipokea.

Mama ameacha kuuliza. Mzee Zahoro naye ameacha mizaha, ananiletea kahawa bila kuombwa, na sipendi.

Dada yako

London
21 Novemba 1982

Dada

Shikamoo. Naandika mwenyewe, toka Ijumaa ya wiki iliyopita, mstari mmoja kwa siku. Nilikuwa nangoja niweze.

Shati limenibana. Mkono wa kulia, ndani ya kiwiko, tangu wiki ya pili ya mwezi huu. Augustino amepima: kwa nje 24, kwa ndani 16 na robo, ilikuwa 15 na nusu. Wa kushoto bado uleule.

Amefumua kunjo moja la kulia. Uzi mwekundu huu hapa, nimeubandika chini. Jingine lipo.

Mwandiko mbaya, najua. Usinitukane.

Mdogo wako
Tarsis